Neno Refu, Kitu Kirefu

Mume wangu hanusi. Sisemi ana mafua. Hanusi kabisa, mwaka wa nne huu. Ni fundi viatu, na gundi ya viatu ilimwingia puani kidogo kidogo mpaka ikafuta kila kitu. Mwekee samaki aliyeoza mkono wa kulia na waridi mkono wa kushoto, atakuuliza tunakula kipi. Mwenyewe anafanya mzaha, anasema ndiyo siri ya ndoa yetu kudumu. Lakini nilimwona siku alipogundua. Alikuwa ameshika shati la marehemu baba yake, ambalo halikuwa limefuliwa tangu msiba, amelikandamiza usoni, anavuta pumzi, anavuta tena. Kisha akalikunja, akalirudisha kabatini, akaenda kazini.

Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniona mwendawazimu kwa yatakayofuata. Maana mimi nami nilikuwa nashinda na gundi. Nilikuwa mbandikaji wa lebo katika kiwanda cha asali, meza ya tatu kutoka dirishani, kiti kisicho na mgongo, chungu cha gundi mbele yangu tangu asubuhi hadi saa kumi. Lebo za njano kwa chupa zinazokwenda kwa wanaosoma Kiingereza, za pinki kwa zinazokwenda kwa wanaosoma Kihispania. Mezani petu kila mmoja alijua: miaka saba, ikizidi sana minane, pua imekwenda. Mwenzangu wa meza ya kwanza aliunguza maharage hadi majirani wakaja mbio na ndoo za maji, na yeye yumo ndani anasuka nywele, anawauliza kuna nini. Mimi nilikuwa mwaka wa sita. Na mwezi mmoja kabla ya habari hizi, maziwa yaliungua nikiwa nimesimama palepale jikoni, nikayaona kabla ya kuyanusa. Nilikaa chini nikalia.

Ng'ambo ya ua wa kiwanda kulikuwa na chumba cha kuonjea. Chumba cheupe, madirisha mapana, hakuna gundi wala manukato, hata kitunguu mtu hali usiku wa kuamkia kazi. Waonjaji wamekaa na glasi zao za buluu, buluu ili rangi ya asali isiwadanganye. Wananusa, wanaonja, wanatafuna kipande cha tufaha kusafisha ulimi, wanaandika. Wakati wa chai nilikuwa nawachungulia dirishani kama mtu anayechungulia harusi asiyoalikwa.

Pua ninayo, na sijisifu bure. Jirani akipika najua anapika nini na chumvi kaisahau. Kilichonikwamisha ni lugha. Ripoti ya kila pipa la asali hutumwa kwa wanunuzi kwa Kiingereza na Kihispania, kwa hiyo anayetaka kuwa mwonjaji lazima aijue harufu kwa lugha zote mbili. Kiingereza changu chote nilikisoma kwenye vifuniko. Mtihani wa kwanza nilinusa asali yenye unyevunyevu, nikafikiri sana, nikaandika "keep dry", kumbe maana yake ni "tunza pakavu". Walicheka chumba kizima, na mimi nikacheka nao, ingawa sikujua tunacheka nini. Mtihani wa pili nilijiandaa na daftari kwa miezi mitatu. Nilipoinua glasi ya kwanza, maneno yote yakatawanyika kama kuku walioona kipanga, nikarudisha karatasi nyeupe.

Kanuni ya kiwanda ni mara tatu. Ukifeli ya tatu, unarudi kwenye lebo, na huitwi tena.

Zikiwa zimebaki siku sita, nikapata akili. Maneno hayakai kichwani mwangu, lakini harufu ikiingia haitoki. Basi kwa nini nihangaike na daftari? Nitayafunga maneno kwenye harufu zenyewe! Chumba cha kuonjea kina chati moja tu iliyopigwa plastiki, yenye harufu zote kwa Kiswahili, Kiingereza na Kihispania, na anayeazima hupewa siku moja. Nikaiazima Jumamosi. Nikachukua lebo tupu, zile ambazo mashine ilikosa wino zikatupwa, nikakoroga uji mzito wa unga badala ya gundi, nikaanza kazi.

Hakuna kilichosalimika. Mlango wetu wa mbao nikaubandika lebo mbili, ya njano kwa Kiingereza na ya pinki kwa Kihispania. Sufuria kubwa lililokolea moshi, mbili. Sanduku la ngozi anamoweka mume wangu viatu vya wateja, mbili. Kikapu cha majani makavu anachotagia kuku, mbili, na kuku akatoka kwa hasira. Kichupa cha mdalasini, kopo la siagi, mshumaa, koti la mvua lenye kuvu, gunia la udongo wa maua. Niliandika mbio mbio nikinakili herufi nisizozielewa, maana chati ilitakiwa irudi jioni ile ile. Hadi saa kumi na moja nyumba ilikuwa inapepea kama duka la siku ya kwanza. Mume wangu akasimama katikati ya sebule, akajigusa kifuani na mgongoni.

"Mimi hukunibandika?"

"Wewe unanukia gundi. Gundi haimo kwenye chati."

Tatizo likawa mama mkwe. Huyu ni mama aliyefagia korido za hospitali miaka thelathini. Vumbi likimwona linajiondokea lenyewe. Tunaishi naye, ananipenda kwa namna yake, yaani ananikosoa kila siku ila hamruhusu mtu mwingine anikosoe. Kila jioni hujipaka mafuta ya karafuu magotini, na kichupa chake hukaa dirishani mwa chumba chake. Karafuu ilikuwamo kwenye chati. Nikabandika.

"Hiki nini?" akaniuliza, amekishika kichupa kwa vidole viwili.

"Jina la harufu, mama. Kwa ajili ya mtihani."

"Bandika sufuria, bandika kuku, bandika mwanangu ukitaka. Vitu vyangu mimi haviuzwi." Akaingia chumbani akafunga mlango. Baadaye nikakiona kichupa dirishani, lebo hakuna. Sikuthubutu kuandika nyingine, na chati ilikuwa imesharudi.

Jumapili mimi na mume wangu tulikwenda kumtazama dada yangu aliyejifungua. Tuliporudi nyumba iling'aa. Mama mkwe alikuwa amepiga deki, amefuta milango, amesugua sufuria kwa nje, na lebo zote zilikuwa mahali pake, zimenyooka kuliko nilivyozibandika mimi. Nikamshukuru. Akasema tu kwamba mimi hubandika vitu upande kama mtu aliye kwenye gari linalokata kona.

Jumatatu jioni tukaanza masomo. Nikajifunga kitambaa machoni, mume wangu akanishika mkono akawa ananizungusha nyumba nzima.

"Kushoto. Kushoto, nimesema. Punguza, utavunja kabati! Haya, nusa."

"Mbao. Tuko mlangoni."

"Njano imeandikwa..." Akaanza kunisomea herufi moja moja kama anayesoma namba ya gari lililomgonga mtu. Cinnamon. "Na pinki, subiri, hii ni ndefu, lete maji ninywe." Mantequilla.

Nikaweka pua mlangoni, nikavuta, nikarudia maneno mara kumi. Yakaingia! Yalikaa! Sikuamini. Tukaenda kwenye sufuria la moshi: leather, madera. Sanduku la ngozi: smoky, canela. Kikapu cha kuku: woody, cuero. Kichupa cha mdalasini: hay, humo. Mwalimu wangu haelewi anachosoma wala hanusi anachonionyesha, mwanafunzi haoni anakokwenda, na bado masomo yalikuwa yanaiva. Siku ya Jumanne tulicheka hadi tukaanguka juu ya gunia la udongo. Mama mkwe akatoka kuangalia, akatukuta chini, mimi nimefungwa macho, mwanawe ameshika kuku.

"Haya ndiyo mnayoyaita masomo," akasema, akarudi ndani.

Kufikia Alhamisi nilikuwa mtu mwingine. Nikipita mlangoni, kichwa chenyewe kilisema cinnamon, mantequilla. Nikifunua sufuria, leather, madera, kabla hata sijaona mnapikwa nini. Nilimwamkia kuku kwa lugha mbili. Nilihisi kama nimeota mabawa na siyaonyeshi tu watu kwa sababu ya adabu. Usiku nikamwambia mume wangu, "Nimefaulu. Bado mtihani tu."

Akanivutia shuka. Kisha akasema, "Ukiingia kule, utakuwa unaninusia na mimi." Nikamwambia alale, asiniharibie furaha.

Ijumaa asubuhi tulikuwa kumi na mmoja katika chumba cheupe. Msimamizi wa waonjaji tunamwita Bi Kijiko, kwa sababu kijiko chake cha kuonjea hakitoki mfukoni kifuani, wengine wanasema hata kanisani au msikitini anakwenda nacho, hatujui anasali wapi. Mwanamke mfupi, hacheki ovyo, anazungumza Kiingereza na Kihispania kama anakunywa maji. Mbele ya kila mtu glasi kumi na mbili za buluu zenye namba, sahani ya vipande vya tufaha, karatasi.

"Hakuna kuzungumza," akasema. "Kila glasi, neno la Kiingereza na neno la Kihispania. Hakuna nafasi wazi. Ukikosa neno, andika chochote pua inachokuambia, lakini usiniletee karatasi yenye mashimo." Akaniangalia mimi. Alikumbuka ile nyeupe.

Nikainua glasi ya kwanza. Moshi! Sufuria letu lenyewe, na kile kidoa upande wa mpini. Leather, madera. Mkono ulikimbia. Glasi ya pili nikavuta pumzi, nikamwona kuku wetu amekaa kikapuni ananitazama vibaya. Woody, cuero. Ya tatu, mlango. Ya nne, mdalasini. Jirani yangu wa kushoto alikuwa ameshika kichwa, wa kulia anatafuna tufaha la tatu kwa woga, na mimi karibu nianze kuimba. Niliuma midomo kwa ndani nisicheke.

Ya tano ikanishika.

Niliijua kabla haijafika puani vizuri. Ilikuwa jioni nyumbani kwetu, taa ya chumba cha mama mkwe imewashwa, mlango uko wazi kidogo, amekunja gauni hadi magotini na anajipaka mafuta yake taratibu, huku akiniuliza kwa sauti kama nimekumbuka kufunika maji. Karafuu. Nikatafuta njano kichwani, hakuna. Nikatafuta pinki, hakuna. Nilimwona tu yeye. Dakika zikawa zinakwenda, Bi Kijiko anapita nyuma yetu, viatu vyake vinalia. Usiache wazi, amesema. Andika pua inachokuambia. Nikaandika: "Mama mkwe."

Ya sita ilikuwa ngozi, sanduku la mume wangu, nikapumua. Lakini kuanzia ya saba nikaona mambo. Mdalasini ule ule. Ya nane, mlango tena. Nikajiuliza, hivi asali zimewaishia? Au wananitega? Nikasema potelea mbali, pua haijui siasa, nikaandika kama mwanzo. Glasi ya kumi na moja, huyo hapo tena, anajipaka magoti. Nikaandika "MAMA MKWE" kwa herufi kubwa, kwa sababu safari hii nilikuwa na hakika zaidi.

Nilitoka nje nikiruka madimbwi. Kwenye meza ya lebo niliwaahidi wenzangu kwamba nitawapungia mkono dirishani kila siku. Niliwaambia mengi. Naona aibu nikiyakumbuka.

Saa tisa Bi Kijiko akaniita ofisini. Karatasi yangu ilikuwa mezani peke yake. Alikuwa amekitoa kijiko mfukoni, amekilaza juu yake kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

"Kaa," akasema. "Hii glasi ya kwanza ni asali ya moshi. Nyuki wake walikaa karibu na tanuri. Wewe kwa Kiingereza umesema inanukia ngozi. Kwa Kihispania umesema inanukia mbao. Mnunuzi wa lugha hii na mnunuzi wa lugha ile wakikutana, si watapigana?"

Nikahisi masikio yanawaka moto.

"Glasi ya tatu ni asali ya msituni, mbao tupu. Umeandika mdalasini, na siagi. Ya nne, mdalasini wenyewe, umeandika majani makavu, na moshi. Hakuna ulipopatia. Hata kwa bahati. Mtu angejibu huku amelala angepatia moja." Akainamisha kichwa. "Unatufanyia mzaha?"

"Hapana, Bi... hapana." Karibu niseme Kijiko. "Ndivyo ilivyoandikwa nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Mlangoni," nikasema.

Na hapo, badala ya kulia, nikacheka. Sikupanga. Niliona mlango wetu, niliona zile lebo zilivyokuwa zimenyooka Jumapili ile, zimenyooka mno, na nikaelewa kila kitu kwa mpigo. Nilicheka kile kicheko kibaya kinachokuja msibani, machozi yakanitoka, nikawa naomba radhi na kucheka, naomba radhi na kucheka, huku moyoni najiona mezani kwa lebo hadi siku nitakapolishika shati la mtu na nisipate kitu. Bi Kijiko alinitazama bila kupepesa. Akarudisha kijiko mfukoni, akachukua mkoba.

"Twende huko mlangoni," akasema.

Njia nzima nilikuwa nawaza namna ya kumzuia Bi Kijiko. Si kwa ajili yangu. Mama mkwe ni mtu wa heshima zake. Hajawahi kuvunja hata kikombe cha mtu. Akijua kwamba deki yake ndiyo iliyonimaliza, na ajue mbele ya mgeni, hatanisamehe kumwona katika hali ile. Nikapanga kusema ni mimi niliyekosea kunakili. Nilikuwa nimeshautunga uongo mzuri kabisa tulipofika, ila sikupata nafasi ya kuutumia.

Mume wangu alikuwa kibarazani anashona soli. Akaona sura yangu, akaweka sindano chini. Bi Kijiko akapiga hodi, akaitikiwa, akatoa karatasi yangu, akasimama mbele ya mlango wetu akausoma kama gazeti. Cinnamon. Mantequilla. Akatazama karatasi. Akatazama mlango. Akaingia hadi jikoni, akasoma sufuria. Akasoma sanduku. Akachungulia chini ya kuku, na kuku akamdonoa. Akarudi kibarazani akakaa kwenye ngazi, mabega yanatikisika. Mwanzoni nilidhani analia.

"Mwenzio vipi?" mama mkwe akaniuliza, ametoka na kitambaa cha vumbi mkononi. "Kuna uchafu ameuona?"

"Shikamoo mama," Bi Kijiko akasema, anajifuta macho. "Nyumba ni safi kupita kiasi. Nauliza tu, hizi karatasi nani alizipanga?"

"Marahaba. Nilizipanga mimi," mama mkwe akasema, amejivuta juu kidogo. "Huyu alikuwa amezibandika hovyo hovyo. Kitu kikubwa kama mlango kina kineno cha herufi tano, kichupa kidogo cha mdalasini kina neno la kukizunguka mara mbili! Nikasema hapana. Nilizibandua zote nikapiga deki, nikazipanga upya kwa uji wangu. Neno refu, kitu kirefu. Neno fupi, kitu kifupi. Sasa si zinapendeza?"

Mume wangu akajishika kichwa. Mimi nikaangalia chini. Na mama mkwe, ambaye si mjinga hata kidogo, akanitazama mimi, akamtazama mwanawe, akaitazama ile karatasi mkononi mwa mgeni. Kitambaa cha vumbi kikashuka taratibu.

"Kwani zilikuwa na mahali pake?" akauliza.

Mume wangu akautazama mlango.

"Mwanangu," akaniambia, sauti imekuwa ndogo. Hajawahi kuniita mwanangu. Mimi ni "mke wa huyu" mwaka wa saba sasa. "Mwanangu, nimekufelisha?"

"Hapana, mama, ni mimi..."

"Hakuna aliyefelishwa," Bi Kijiko akasema. "Kaeni niwaambie jambo ambalo huwa siwaambii watahiniwa."

Tukakaa, wote wanne, kwenye ngazi ya watu wawili.

"Glasi ni kumi na mbili, lakini asali ni sita. Kila moja inakuja mara mbili, kwa namba tofauti. Hamwambiwi. Mimi sitafuti nani anajua maneno. Natafuta nani atakuta kitu kilekile mara ya pili na akakijua kuwa ni kilekile. Wenzako leo wameandika maneno mazuri, Kihispania cha kupendeza. Glasi ya kwanza mtu kasema moshi, glasi ya kumi, asali hiyo hiyo, kasema maua. Watu kumi, hakuna hata mmoja aliyezioanisha zote." Akainua karatasi yangu. "Huyu ameoanisha sita kwa sita. Amekosea kwa unyoofu ambao sijauona tangu nianze kazi hii. Kila jina ni la uongo, na kila jina amelisema mara mbili bila kutetereka. Maneno nitamfundisha kwa mwezi mmoja. Pua kama hiyo naenda kuifundisha wapi? Jumatatu usiende kwenye lebo."

Sijui nani alianza kupiga kelele. Nadhani ni mimi, lakini mume wangu ndiye aliyenibeba, soli ya mtu ingali mkononi mwake, akanizungusha kibarazani hadi viatu vya wateja vikapigwa teke huku na kule. Kuku akapiga mbio uani. Jirani akachungulia ukutani akauliza nani amejifungua. Nilikuwa nalia na kucheka na kuitaja milango na sufuria kwa majina yote mabaya niliyoyajua. Ningempenda hata mwenye chungu cha gundi, kama angetokea wakati ule.

"Lakini bado moja," Bi Kijiko akasema, akangoja nishushwe chini. "Glasi ya tano na ya kumi na moja. Nimezunguka nyumba nzima, sikuiona lebo yake. Umeandika 'Mama mkwe'. Hiyo ni harufu gani?"

Mume wangu akaanza kuokota viatu.

Mama mkwe akanigeukia polepole. "Umeandika nini?"

"Mama, nilikosa neno..."

"Umeniandika mimi? Kwenye mtihani? Mara mbili?"

"Ya pili kwa herufi kubwa," Bi Kijiko akasema. Hakuwa akisaidia.

"Kwa hiyo nanuka."

"Unanukia, mama," nikasema. Nilikuwa nimechoka kucheka, na nikasema tu lililokuwa moyoni. "Glasi nyingine zote niliogopa. Hata nilizozijua, niliogopa kidogo. Ile nilipoinusa nilikuwa nyumbani. Ilikuwa jioni, unajipaka magoti, unaniuliza kama nimefunika maji. Sikuhitaji jina lake. Kitu pekee ninachoogopa kwenye gundi ile ya kiwanda ni kwamba siku moja ningepita mlangoni kwako nisijue kama upo."

Mume wangu aliacha kuokota viatu. Alikuwa amempa mama yake mgongo.

Mama mkwe akainuka, akaenda chumbani kwake, tukasikia kabati likifunguliwa na kufungwa. Bi Kijiko akaniuliza kwa kunong'ona kama yeye kakosea. Nikatikisa kichwa kwamba sijui.

Akarudi na kichupa chake cha mafuta mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa na lebo mbili, ya njano na ya pinki, zimekauka uji kwa nyuma, zimenyooshwa vizuri kama noti mpya. Kumbe hakuwa amezitupa. "Nilidhani umeniandika bei," akasema. "Halafu nikasema nisitupe mwandiko wa mtu." Akampa Bi Kijiko. "Hizi nazo nisomee. Hizi ni zake hasa, au nazo nimezikoroga?"

Bi Kijiko akasoma. "Clove. Clavo. Karafuu, mama. Ni zenyewe. Ndiyo majina pekee ya kweli katika nyumba hii."

Mama mkwe akazirudisha mkononi mwake. Akazilamba kwa nyuma, zote mbili, akajibandika kifuani, ya njano juu na ya pinki chini, akazisugua kwa kiganja zikae. Zilikaa upande. Hakuzinyoosha.

"Haya," akaniambia, akainama kunisogezea shingo. "Nusa tena, usije ukasahau. Na yale maji umefunika?"